Wito Hupimwa Kando ya Kitanda

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri)



Halmashauri imetutaka tuseme mbele yenu habari za mafunzo ya awali ya ukasisi wa hospitali, ambayo tuliyahudhuria mwaka huu kwa ruhusa yenu na kwa msaada wa mfuko wa Chama. Twashukuru kwa heshima hiyo. Kazi yetu, kama mjuavyo, ni ya kalamu na daftari, wala si ya mimbari. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie ikiwa maneno yetu yatafanana na kumbukumbu za mkutano kuliko mahubiri. Tumeona ni afadhali kuyaeleza mambo kama yalivyotokea, na kukiri kosa mahali tulipokosa, kuliko kuwapambia maneno.

Wanachama wakifungua kurasa za Mweka Hazina katika kitabu hiki, wataona ya kuwa Chama chetu hakikumwacha marehemu hata mmoja bila sanduku, wala wafiwa bila gari la kuwafikisha nyumbani. Hilo ni jambo la kujivunia, na wazee waliokianzisha Chama wanastahili shukrani zetu. Lakini katika kurasa zile zile hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha ni nani aliyekaa na mgonjwa kabla hajawa marehemu. Mstari huo haupo kwa sababu kukaa hakuna stakabadhi. Na sisi, tunaoziandika kumbukumbu za Chama, tumejifunza kwa uchungu ni hasara gani iliyofichika hapo.

Miaka miwili iliyopita mmoja wa wazee wetu alilazwa katika hospitali moja ya mjini. Jina lake hatutalitaja, kwa heshima ya watu wake. Siku ya Jumamosi tulikwenda kumtazama, watu saba, kwa niaba ya Chama. Tulikizunguka kitanda, tukampa salamu za wanachama, tukaweka machungwa na maziwa juu ya kabati, tukaimba wimbo, na mmoja wetu akaomba kwa sauti kuu hata wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza nyuso. Yote hayo yalichukua muda wa robo saa. Tulipokuwa tukitoka, mzee alitushika mkono wa koti, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kaa kidogo." Sisi tulitazama saa, maana gari lilikuwa likingoja, tukamjibu, "Mzee, pumzika sasa. Jumamosi ijayo tutarudi." Alifariki usiku wa Alhamisi. Hata leo hatujui alitaka kutuambia nini.

Tulimzika vizuri. Sanduku lilikuwa la heshima, watu walikuwa wengi, na risala ya rambirambi tuliiandika sisi wenyewe kwa mkono wetu. Lakini tangu siku ile mkono wa mzee haukuacha kutuvuta koti. Tulipokuwa kazini tuliukumbuka, na usiku vile vile. Mwishowe likatuingia wazo kwamba huenda Mungu anatuita tuache ukarani, tuwe kasisi wa hospitali, ili mgonjwa mwingine asiachwe hivyo tena. Wazo hilo lilikua hata tukaanza kuandika barua ya kuacha kazi.

Kabla ya kuipeleka barua tulimwendea mchungaji wetu. Yeye hakutusifu, wala hakutukataza. Alitukumbusha habari za kijana Samweli, aliyelala katika hekalu la Bwana kule Shilo. Samweli aliitwa usiku, naye akasikia sawasawa. Masikio yake hayakuwa na kosa. Lakini mara tatu alikimbilia mahali pasipo, kwa mzee Eli, akidhani ni yeye aliyemwita. Ndipo Eli, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia kwa uzee, akatambua ni nani anayemwita kijana, akamfundisha namna ya kujibu. "Basi," akasema mchungaji, "mtu anaweza kusikia vizuri na bado asijue ni sauti ya nani. Ndiyo sababu ya kuwa na wazee. Barua yako iweke sandukuni. Nenda kwanza kwenye mafunzo ya awali, ukasikilize tena."

Hapo, ndugu, ndipo tulipoanza.

Yafaa tueleze kwanza maana ya kazi yenyewe, kwa kuwa wengi huichanganya na kazi ya mchungaji wa ushirika. Mchungaji huchunga watu wanaokuja kanisani kwake. Kasisi wa namna hii, ambaye wengine humwita kapelani, hutumwa kukaa na watu mahali ambapo hawawezi kutoka: wodini, gerezani, kambini, au katika shule ya bweni. Neno kapelani lina historia yake. Katika karne ya 4 palikuwa na askari wa jeshi la Kirumi aitwaye Martin. Husimuliwa ya kuwa siku moja ya baridi kali, penye lango la mji wa Amiens huko Ufaransa, alimkuta maskini asiye na nguo, akalikata joho lake kwa upanga na kumpa nusu. Baadaye Martin alikuwa askofu wa Tours, akafa mwaka 397. Wafalme wa Wafranki walilihifadhi joho lake kama kitu kitakatifu, wakalichukua hata vitani. Na makasisi waliolitunza waliitwa kwa jina la joho lile, ambalo kwa Kilatini ni cappella. Basi kwa asili kapelani ni mtunzaji wa nusu ya joho.

Tulipoisikia habari hii darasani, mmoja wetu aliuliza kwa nini Martin hakulitoa joho lote. Msimamizi wetu alijibu kwamba angalilitoa lote, angaliganda mwenyewe, na siku ya pili pasingekuwa na mtu wa kumpa maskini mwingine. Jibu hilo lilitufaa sana baadaye, kwa maana sisi tulikuwa tumekuja na nia ya kulitoa lote kwa siku moja.

Kufundisha kazi hii kando ya kitanda, badala ya kuifundisha kwa vitabu tu, hakukuanza zamani sana. Yuko mhubiri mmoja Mmarekani, Anton Boisen, ambaye mwaka 1920 alipatwa na ugonjwa wa akili, akawekwa hospitalini kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Humo aliona ya kuwa madaktari wanautibu ugonjwa lakini hakuna amwulizaye mgonjwa juu ya roho yake. Na wahubiri wajapo, hawajui wamwambie nini. Alipopona hakukimbilia mimbari kuwahukumu wengine. Alirudi shuleni, akajifunza pamoja na madaktari, na mmoja wao, Daktari Richard Cabot wa Boston, akamsaidia. Mwaka 1924 Boisen alikuwa kasisi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, katika jimbo la Massachusetts, na mwaka 1925 akawapokea wanafunzi wanne wa theolojia waje wajifunze humo. Aliwataka wamsome mgonjwa kwa makini ile ile wanayoitumia kusoma kitabu. Kutoka kwa wanafunzi wale wanne mafunzo hayo yameenea katika nchi nyingi. Huko Marekani kipindi kimoja kamili huhesabiwa kuwa saa 400, ambazo 100 kati yake, au zaidi, ni za mafundisho na za kupimwa na wenzako, na zilizobaki ni za kuwahudumia watu.

Hapa Kenya mbegu ilikwisha kupandwa. Hospitali zilizoanzishwa na misheni, kama vile za Kikuyu, Tumutumu, Chogoria, Maseno, Kaimosi, Kijabe na Tenwek, tangu mwanzo ziliweka dawa na neno la faraja pamoja. Huko Tenwek, katika Kaunti ya Bomet, kimekuwapo hata chuo cha kuwafundisha makasisi wa hospitali. Lakini sisi hatukuenda chuoni, wala hatukusoma kipindi kamili. Tulihudhuria mafunzo ya awali tu, Jumamosi kumi mfululizo, katika hospitali moja ya misheni. Na shabaha ya mafunzo hayo si kumfanya mtu kuwa kasisi. Shabaha yake ni kumsaidia mtu ajue kama ameitwa au hakuitwa.

Tulikuwa wanane: askari jela mstaafu, walimu wawili, mwinjilisti, muuguzi, kijana aliyetoka chuo cha theolojia, mama mmoja mshonaji wa nguo, na sisi karani. Msimamizi wetu alikuwa mama mmoja kasisi, mtu mzima, asiyesema mengi. Asubuhi tulifundishwa, mchana tuliingia wodini mmoja mmoja, na jioni kila mtu aliandika mazungumzo yake na mgonjwa, neno kwa neno, kadiri alivyoweza kukumbuka, bila kutaja jina la mgonjwa. Jumamosi iliyofuata aliyasoma mbele ya wenzake.

Siku ya kwanza hatukufundishwa maombi. Tulifundishwa kunawa mikono wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Tuliambiwa tumwulize muuguzi kabla ya kukikaribia kitanda chochote, tusikae juu ya kitanda, tusiguse dripu, na tusimpe mgonjwa chakula wala maji bila idhini, kwa kuwa huenda anangoja kupasuliwa, na mtu anayengoja kupasuliwa hukatazwa kula. Tuliposikia hayo tuliyakumbuka machungwa yetu juu ya kabati la mzee, nasi tukainamisha kichwa. Tulikatazwa kumwahidi mgonjwa kwamba atapona, na kumwambia kwamba ugonjwa ni adhabu. Zaidi ya yote tulikatazwa kumshawishi mtu aache dawa kwa sababu ameombewa. Tena, siri ya mgonjwa haitoki nje ya wodi, isipokuwa pana hatari ya mtu kupoteza maisha. Hapo ni lazima msimamizi na wauguzi waambiwe mara moja.

Sasa twaja kwenye aibu yetu. Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa kijana mwendesha pikipiki aliyevunjika mguu katika ajali. Kisa chake twakisimulia kwa sababu yeye mwenyewe aliturunuku ruhusa, mradi jina lisitajwe. Tulimsalimu, tukamwuliza hali. Akasema, "Mchana si kitu. Usiku ndio mrefu hapa." Nasi tukamjibu upesi, "Usijali, ndugu, Mungu ni mwema, utapona." Kisha tukamwuliza kanisa lake, tukamsomea Maandiko, tukaomba, tukamwaga. Tulitoka tumefurahi sana, tukidhani tumefanya kazi njema.

Jumamosi iliyofuata tuliyasoma mazungumzo hayo darasani. Msimamizi alimtaka mmoja wa walimu ahesabu sentensi. Kijana alikuwa amesema sentensi saba; sisi tulikuwa tumesema thelathini na mbili. Kisha msimamizi akatuuliza, "Karani, alipokuambia usiku ni mrefu, ulimwuliza usiku kuna nini?"

"La, mama, hatukumwuliza."

"Kwa nini?"

Tulikaa kimya kitambo. Tulitaka kujibu kwamba muda ulikuwa mfupi, lakini wote walijua kwamba tulikuwa na mchana kutwa. Mwishowe tukasema kweli: "Tuliogopa jibu lake."

Akasema, "Vema. Hapo ndipo mafunzo yako yanapoanza."

Mchana ule tulirudi kwa kijana yule. Hatukufungua kitabu. Tulimwambia, "Juma lililopita ulisema usiku ni mrefu, nasi hatukukuuliza maana yake. Tusamehe. Usiku kuna nini?" Alitutazama, akageukia ukuta, kisha akaanza kusema. Katika ajali ile alikuwa amembeba abiria, naye abiria alikufa papo hapo. Kila usiku taa zilipozimwa aliisikia sauti yake. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Jamaa zake walikuja, watu wa kanisa lake walikuja, wote waliimba na kuomba na kumtakia apone mguu. Na yeye alikuwa akipona mguu, lakini hapakuwa na mtu aliyetulia kiasi cha kumpa nafasi ya kulitaja lile lililomwua usiku. Alilia muda mrefu. Sisi hatukusema lolote la maana. Alipokwisha, yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Sasa niombee." Tukaomba maneno machache. Kwa ridhaa yake tulimweleza msimamizi, naye akaendelea kumtazama katikati ya juma.

Ndugu wanachama, wazee wetu husema mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo ni ya kweli kwa habari ya uji: mpikie, umpe. Lakini tulijifunza kwamba kwa habari za roho mgonjwa huulizwa. Huulizwa kama ataka tukae au twende, kama ataka maombi au ataka kimya, na kama yuko mtu wa dini yake amtakaye. Katika wodi ile ile alikuwamo mzee mmoja Mwislamu. Mwinjilisti wetu alitaka kumhubiria. Msimamizi alimzuia, akamwambia kwamba mtu aliyelala kitandani hawezi kuondoka usipompendeza, na kwa sababu hiyo haifai kumlazimisha asikilize. Akatukumbusha pia kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini na imani, na kukataza mtu kushurutishwa kufanya jambo lililo kinyume na imani yake. Basi mwinjilisti akamwuliza mzee, "Baba, kuna jambo lolote tuwezalo kukufanyia?" Mzee akasema anataka mwanawe apigiwe simu amletee tasbihi yake, na kitanda kigeuzwe kidogo apate kuelekea kibla. Muuguzi alikubali, kitanda kikageuzwa. Mzee alitushukuru, na kila Jumamosi baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuita. Mwinjilisti alituambia ya kuwa hajapata kujisikia mtumishi kama siku ile aliyosukuma kitanda.

Jambo moja zaidi latupasa kulisimulia. Jumamosi ya sita mama mmoja kijana alifiwa na mtoto wake mchanga. Alikuwa ameketi juu ya benchi nje ya wodi, ameshika khanga iliyokunjwa. Mimbari zetu zote zilifungwa. Kijana wa theolojia alikwenda kutafuta Biblia. Sisi tulijitia kumtafuta muuguzi mwenye kuandika hati. Ukweli ni kwamba kila mtu alikimbia kwa njia yake. Mshonaji peke yake ndiye aliyekwenda kuketi kwenye benchi lile. Alisema, "Pole, mwanangu," basi. Alikaa naye tangu saa nane hata saa kumi na moja. Alimletea maji. Mama yule alipotaka kuikunjua khanga, alimsaidia kuikunjua; alipotaka kuikunja tena, alimsaidia kuikunja. Jamaa zake walipofika, mshonaji aliondoka kimya kimya. Alipoulizwa aandike mazungumzo yake, karatasi yake ilikuwa na mistari mitatu.

Msimamizi alitukumbusha habari za rafiki zake Ayubu. Walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na kwa siku hizo saba walikuwa rafiki wa kweli. Walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake, hapo ndipo walipoanza kumtesa.

Mwisho wa Jumamosi kumi kila mmoja wetu alikaa na msimamizi peke yake kwa muda wa saa moja. Mshonaji aliambiwa aendelee mbele, naye sasa yumo katika mafunzo marefu. Askari jela aligundua kwamba wito wake si wa hospitali: moyo wake ungali gerezani, anataka kurudi kule alikobeba funguo kwa miaka mingi, lakini safari hii bila funguo. Na sisi je?

Msimamizi alituuliza swali moja: "Karani, ukiingia wodini unamtafuta nani?" Tulitaka kusema twamtafuta mgonjwa, au twamtafuta Kristo ndani ya mgonjwa, kama tulivyofundishwa shuleni. Lakini baada ya majuma kumi ya kusomewa sentensi zetu wenyewe hatukuweza tena kujibu upesi. Tukamjibu, "Twamtafuta mzee wetu." Kila kitanda tulichokiendea kilikuwa kitanda chake. Kila tuliyekaa naye, tulikaa naye kwa sababu hatukukaa na yeye.

Msimamizi akasema kwa upole, "Hilo ni deni, mwanangu. Deni laweza kukufungulia mlango wa wodi, lakini haliwezi kukuweka humo miaka kumi. Tena haifai kumlipisha mgonjwa mwingine deni asilolijua." Alitueleza kwamba uchungu wa mtu waweza kweli kuwa chanzo cha wito, Boisen mwenyewe alitoka katika kitanda cha ugonjwa. Lakini uchungu wake ulipimwa kwa miaka mbele ya macho ya watu wengine kabla haujawa chakula cha kuwalisha wengine. Wetu ulikuwa ungali mbichi.

Hatukufurahi siku ile. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na barua tuliyoiweka sandukuni tukaichana. Lakini baada ya siku chache tuliona mzigo umepungua. Tulikwenda kwa wana wa marehemu, jambo ambalo kwa miaka miwili tuliliogopa, tukawaambia habari ya mkono wa koti na maneno yale ya mwisho. Mwana wake mkubwa alinyamaza sana, kisha akasema, "Hata mimi alinishika hivyo hivyo, nami nikaondoka." Tukakaa pamoja hadi jioni. Twadhani hiyo ndiyo ziara tuliyopaswa kuifanya tangu mwanzo.

Basi jibu letu ni hili: sisi hatukuitwa kuwa kasisi, angalau kwa wakati huu. Tumebaki karani. Lakini Jumamosi mbili kila mwezi twaingia wodini kama mgeni wa kujitolea, chini ya uangalizi wa kasisi, na sasa twauliza usiku kuna nini.

Huenda mwanachama mmoja akasema kwamba fedha za Chama zimepotea, kwa kuwa karani alitumwa kutafuta wito akarudi bila wito. Twamjibu kwa heshima kwamba fedha hizo zilinunua kitu cha thamani. Mtu asiyeitwa akivaa joho la kasisi, watakaolipa gharama ni wagonjwa, nao hulipa bila kupata stakabadhi. Ni nafuu kujua mapema.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba Mkutano Mkuu uyafikirie mambo matatu.

Kwanza, Chama kiendelee kuwasaidia wanachama wawili kila mwaka kuhudhuria mafunzo ya awali kama haya, wanaume na wanawake, na iandikwe katika kumbukumbu kwamba anayerudi akisema "sikuitwa" apokewe kwa heshima ile ile apewayo anayerudi akisema "nimeitwa".

Pili, desturi yetu ya kutazama wagonjwa ibadilike. Waende wawili, si saba. Wamwulize muuguzi kwanza. Waache zawadi nje mpaka waruhusiwe. Na mmoja wao asiwe na gari linalomngoja.

Tatu, na hili twawaelekezea wazee hasa: vijana wetu wanasikia sauti nyingi siku hizi, na wengi hukimbia huku na huku usiku kama Samweli, wakiacha kazi, wakijiita watumishi bila kupimwa na mtu. Eli hakuwa na macho mazuri, wala nyumba yake haikuwa bila aibu, lakini mlango wake ulikuwa wazi hata kijana akaweza kumwamsha mara tatu. Twawaomba mtuachie mlango wazi namna hiyo. Kijana akija kwenu akisema ameitwa, msimsifu upesi wala msimcheke. Mwulizeni anamtafuta nani.

Tumesema mengi kuliko mshonaji, na kwa hiyo mwaona wenyewe kwamba mafunzo hayajatuingia yote.  Mungu aibariki kazi ya Chama chetu, awape faraja wote walio vitandani leo, na atujalie kukaa kidogo.